Mkono unauma ukitumia kipanya: soma dalili kabla ya kununua kingine

Mtu akianza kuumwa mkono kwa sababu ya kompyuta, mara nyingi jambo la kwanza analofanya ni kununua kipanya chenye umbo geni. Anaambiwa kipanya cha wima, kile kinachoshikwa kiganja kikitazama pembeni, ndicho dawa, anakinunua, na baada ya wiki chache maumivu yamehama tu: kifundo cha mkono kimepoa, sasa kidole gumba ndicho kinachouma. Kipanya cha wima ni kifaa kizuri. Tatizo ni kwamba kilichaguliwa bila kuuliza mkono unauma wapi, wakati gani, na ukifanya nini.

Kila umbo la kipanya hupunguza mzigo sehemu moja ya mkono na kuutua sehemu nyingine. Ndiyo maana sikuupanga mwongozo huu kwa aina za vipanya. Nimeupanga kwa mahali panapouma. Tafuta dalili yako, ijue sababu yake, jaribu marekebisho yasiyogharimu kitu, ndipo ufikirie kifaa kipya.

Dalili za kumwona daktari kwanza

Ganzi isiyoondoka hata ukipumzika siku kadhaa, kudondosha vitu mara kwa mara, kushindwa kufunga vifungo vya shati, msuli wa chini ya kidole gumba kuonekana umenywea, kiungo kuvimba na kuwa cha moto, au maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka: yote hayo yapeleke hospitali, usiyatafutie kipanya. Neva ikibanwa kwa muda mrefu inaweza kudhoofika kiasi cha kutorudia hali yake yote.

Kumbuka pia kwamba ganzi ya vidole huja na kisukari, ujauzito, tezi ya shingo inayofanya kazi chini ya kiwango, na baridi yabisi. Mwenye hali mojawapo kati ya hizo anaweza kubadilisha vipanya mpaka achoke, kwa sababu kipanya kinaongezea tu jambo lililokuwapo. Na ganzi inayoanzia shingoni ikashuka mkono mzima, hasa ukigeuza kichwa, huenda chanzo chake ni uti wa shingo.

Utazame mkono ukiwa kazini

Simamisha simu pembeni mwa kipanya, washa video, ufanye kazi zako mpaka usahau kwamba unarekodiwa. Kisha itazame. Nasisitiza hilo la kusahau, kwa sababu mtu anayejiangalia hukaa vizuri kwa dakika tano, na dakika hizo tano hazikufundishi chochote.

Unatafuta mambo machache. Je, kifundo kimekunjika kwenda juu, mgongo wa mkono ukielekea kwenye kigasha, yaani sehemu kati ya kifundo na kiwiko? Kimepinda pembeni kuelekea upande wa kidole kidogo? Vidole vinaning'inia juu ya vitufe bila kuvigusa? Mkono umekishika kipanya kwa nguvu hata wakati unasoma tu na kishale hakisogei? Kiwiko kiko karibu na mbavu au kimetupwa mbali?

Baada ya hapo, hamishia kipanya mkono wa pili kwa siku mbili tatu. Mipangilio ya kompyuta inaruhusu kubadilishana kazi za kitufe cha kulia na cha kushoto. Utakuwa mzito na utakosea kubofya, lakini utapata jibu la maana. Maumivu ya mkono wa kwanza yakipungua, kipanya kinahusika. Yasipobadilika hata kidogo, chunguza kibodi, simu, na namna unavyoulalia mkono usiku.

Ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku

Hii ndiyo dalili inayoogopwa zaidi, na ndiyo inayoshughulikiwa vibaya zaidi.

Kwenye kifundo kuna njia nyembamba yenye mifupa midogo chini na pembeni, na juu yake utepe mgumu unaoiunganisha mifupa hiyo. Kano 9 za kukunja vidole hupita humo pamoja na neva moja, ile inayopeleka hisia kwenye kidole gumba, cha shahada, cha kati, na nusu ya kidole cha pete. Nafasi ni finyu. Kano zikivimba kidogo, au kifundo kikikunjwa, au kiganja kikikandamizwa kwa nje, neva ndiyo inayoumia kwa sababu ndiyo laini kuliko vyote vilivyomo. Kidole kidogo hakimo katika ramani hiyo. Kikiwa nacho kinakufa ganzi, nenda kwenye sehemu inayofuata.

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni mgandamizo. Wengi huegemeza sehemu ya chini ya kiganja kwenye ukingo wa meza au kwenye kile kiegemeo cha jeli, halafu wanazungusha kipanya kwa kifundo wakiwa wameegemea. Jeli ni laini, lakini bado inasukuma palepale neva inapopita. Kiegemeo ni cha kupumzikia mkono unapoacha kazi. Ukiwa unasogeza kipanya, mkono uteleze juu ya meza, na uzito wake ubebwe na kigasha.

Sababu ya pili ni kukokota. Watafiti waliopima shinikizo ndani ya njia hiyo ya kifundo waliona kwamba kubofya na kukokota vitu kwa kipanya hulipandisha kuliko kuweka tu mkono juu ya kipanya bila kufanya kitu. Inaeleweka: kukokota ni kubana kitufe na kusogeza mkono kwa wakati mmoja. Ikiwa kazi yako ni kuchagua mistari mirefu ya maandishi, kuhamisha mafaili au kuchora, punguza kukokota kwanza. Bofya mwanzo wa maandishi, shikilia kitufe cha Shift, bofya mwisho wake, na maandishi yote yamechaguliwa bila kukokota. Mafaili yanaweza kukatwa na kubandikwa kwa kibodi.

Kuhusu kipanya cha wima kwa dalili hii, lazima niwe muwazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa wagonjwa wenye tatizo hili hasa, ulionyesha kwamba kipanya cha wima na viegemeo vilibadilisha mkao wa kifundo, lakini shinikizo ndani ya njia ya neva halikupungua. Usikinunue kwa kutegemea kitaponya ganzi. Kinachosaidia zaidi ni kushika kwa wepesi, kupunguza kukokota, kuacha kuegemea, na usiku kulala kifundo kikiwa kimenyooshwa kwa banzi (kifaa kigumu kinachofungwa mkononi usikunjike), jambo ambalo daktari au mtaalamu wa fiziotherapia atakuelekeza.

Ganzi kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete

Hapa ni neva nyingine, na hupita sehemu mbili zilizo wazi: nyuma ya upande wa ndani wa kiwiko, palepale panaposhtua pakigongwa, na upande wa nje wa sehemu ya chini ya kiganja.

Anza na kiwiko. Unakiegemeza kwenye mkono mgumu wa kiti au kwenye kona ya meza kwa saa nzima? Kiti kiko chini mno kiasi kwamba kiwiko kimekunjika kupita kiasi siku nzima? Shusha mikono ya kiti au iondoe kabisa, pandisha kiti, na uuache mkono ufunguke kidogo zaidi ya pembe mraba. Watu wengi hupata nafuu hapo bila kugusa kipanya.

Kiwiko kikiwa salama, tazama upande wa kiganja ulio chini ya kidole kidogo. Ukitumia kipanya cha wima, mkono mzima unasimama kwa upande huo na kuusugua mezani. Hapo ndipo dawa ya mwingine inapokuwa ugonjwa wako. Vipanya vingine vya wima vina ukingo mpana chini unaobeba upande wa mkono usiburutike, vingine havina. Mwenye dalili hii achague chenye ukingo, au achukue kilichoinama kiasi badala ya kilichosimama wima kabisa.

Uchovu mzito kwenye kigasha, mkono unataka kujigeuza

Hakuna ganzi, hakuna mahali pamoja unapoweza kupagusa ukasema "hapa". Kigasha kinachoka tu, na ukiacha kipanya unajikuta unakizungushazungusha.

Kigasha kina mifupa miwili. Kiganja kikielekea juu, mifupa hiyo inalala sambamba. Kiganja kikielekea chini, mmoja unavuka juu ya mwenzake, na misuli inabaki imekazana kuushikilia hapo. Kipanya cha kawaida kinadai mkao huo kuanzia asubuhi mpaka jioni. Si kwamba kuna aliyekaa akaona ndio bora: kipanya cha kwanza, kilichotengenezwa mwaka 1964 na Douglas Engelbart na Bill English, kilikuwa kisanduku cha mbao chenye kitufe kimoja, na kushikwa kwa kiganja kilichoinama ndiko kulikoendelea kurithiwa.

Hii ndiyo dalili ambayo kipanya cha wima kinaijibu moja kwa moja, kwa sababu kinauweka mkono katika mkao wa kumsalimu mtu kwa mkono. Lakini huhitaji kwenda mpaka mwisho. Logitech MX Vertical na Logitech Lift vimeinamishwa kwa nyuzi 57, vile vya Evoluent vinakaribia kusimama kabisa, na kuna vya kawaida vilivyoinamishwa kidogo tu. Kwangu, mtu asiye na maumivu makali aanze na kilichoinama kiasi: mkono unapata nafuu, na usahihi wa kulenga haupotei sana. Anayefanya kazi za kulenga vitu vidogo, kama kuhariri picha, atalihisi hilo zaidi kuliko anayeandika barua pepe.

Maumivu upande wa kidole gumba, karibu na kifundo

Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, kifunike kwa vidole vingine, kisha inamisha ngumi taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Maumivu makali yakichoma upande wa kidole gumba, yaelekea kano zinazokivuta kidole hicho zimevimba kwenye ala yake, yaani mfuko mwembamba unaozizunguka. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliieleza hali hiyo mwaka 1895, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kipimo hiki kifanye mara moja, kwa upole. Kukirudiarudia ili kuona kama bado panauma ni kuichokoza kano.

Swali la kwanza: unatumia kipanya chenye mpira unaosukumwa kwa kidole gumba? Kama ndiyo, umepata mtuhumiwa mkuu. Vipanya hivyo vinapumzisha bega na kifundo kwa kuwa havisogei mezani, lakini kazi yote ya kusogeza kishale inabebwa na kidole kimoja. Kwa mwenye kidole gumba chenye nguvu, sawa. Kwa mwenye dalili hii, hapana. Kama unapenda mpira, chukua ule mkubwa ulio katikati unaozungushwa kwa vidole viwili vitatu, mfano Kensington Expert Mouse, ambao pia unatumika kwa mkono wowote.

Swali la pili linasahaulika: kipanya chako ni cha wima na vitufe vyake ni vigumu? Kitufe cha kipanya cha kawaida kinasukumwa kuelekea meza, na meza ndiyo inayopinga. Kitufe cha kipanya cha wima kinasukumwa kwa pembeni, na kinachopinga ni kidole gumba. Kila mbofyo mmoja ni kubana kutoka pande mbili. Kwa hiyo anayeumwa kidole gumba akichagua kipanya cha wima, avijaribu vitufe vyake kwa kidole kabla ya kulipa, na akatae kinachotelezateleza kikibofywa.

Na simu. Mtu anaacha kipanya saa kumi na moja jioni, anaendelea kusukuma kioo cha simu kwa kidole gumba kilekile mpaka usiku. Hakuna kipanya kitakachoshinda hilo.

Maumivu upande wa nje wa kiwiko

Ni maumivu yaleyale yanayowapata wachezaji wa tenisi. Misuli inayonyanyua vidole na kifundo imeshikizwa kwenye mfupa wa nje wa kiwiko, na inachoka kwa kunyanyua bila kupumzika. Ujaribu hivi: nyoosha mkono mbele, kiganja kikielekea chini, kaza kidole cha kati kisishuke huku mkono wa pili ukikisukuma chini. Kiwiko kikiuma, umepajua.

Rudi kwenye video. Karibu kila mara utaona kidole cha shahada na cha kati vikiwa vimeinuliwa milimita chache juu ya vitufe, vinasubiri. Mtu anafanya hivyo kwa sababu vitufe vyake ni vyepesi mno na anaogopa kubofya bila kukusudia. Ni kazi ndogo sana, lakini inafanywa saa nane bila kukoma. Marekebisho ni kujifunza kulaza vidole juu ya vitufe, na kama haiwezekani, kutafuta kipanya chenye vitufe vinavyohitaji nguvu kidogo zaidi na mgongo unaovibeba vidole mpaka nchani. Hapa ushauri wa kawaida kwamba kitufe chepesi ndicho bora unageuka.

Sababu ya pili ni kunyanyua kipanya. Kishale kikienda polepole mno, unafika mwisho wa nafasi, unanyanyua kipanya, unakirudisha, unaanza upya. Ongeza kasi ya kishale kwenye mipangilio. Uzito nao una neno: kipanya cha kawaida kina gramu 80 hadi 100 hivi, vingine vyenye betri kubwa vinapita 130, na betri moja ya ukubwa wa AA peke yake ni gramu 20 na kitu. Mtu mwenye tabia ya kunyanyua asichukue kizito.

Kifundo kinauma mgongoni, au upande wa kidole kidogo

Kifundo kikiuma kwa juu, kimekunjwa kwenda nyuma. Chunguza urefu wa meza kabla ya kitu kingine: kiwiko kikiwa chini kuliko meza, kigasha kinapanda na mkono unalazimika kujikunja ili ulale. Pandisha kiti mpaka kiwiko kilingane na meza, na kama miguu inaning'inia, weka kitu chini yake. Vipanya vyenye kisigino kirefu, yaani vilivyovimba upande wa kiganja, hujaza nafasi chini ya mkono na kuuzuia usishuke. Vilevile vilivyo bapa sana vya kubebea safarini vifanyie kazi ya safari.

Kikiuma upande wa kidole kidogo, mara nyingi unakizungusha kifundo kama kifutio cha kioo cha gari, kiwiko kimegandamizwa mahali pamoja. Sogeza kipanya kwa mkono mzima kuanzia kiwikoni. Kwa hilo unahitaji nafasi mezani, na wengi hawana kwa sababu kipanya kimebanwa kati ya kibodi na rundo la karatasi.

Bega na shingo

Hapa usinunue kipanya. Pima kibodi yako. Kibodi kamili yenye safu ya namba upande wa kulia ina upana wa sentimita 44 au 45 hivi. Ukikaa katikati ya herufi, kipanya kinaanzia mbali upande wa kulia, na bega linabaki limefunguka na kuinuka kidogo kutwa nzima. Kibodi fupi isiyo na safu ya namba inakurudishia karibu sentimita 8 au 9, na mara nyingi bega halihitaji zaidi ya hapo.

Kama unahitaji namba kwa kazi ya hesabu, hamishia kipanya mkono wa kushoto, ambako hakuna safu ya kukiweka mbali. Au tafuta kifaa cha kati kama RollerMouse ya Contour, chenye mhimili unaozungushwa mbele ya kibodi, hivyo mikono haiendi pembeni kabisa. Ni kifaa cha kuzoea, lakini kwa mtu aliyeteseka na bega muda mrefu ninakipendekeza bila kusita.

Wenye skrini mbili au tatu waangalie kasi ya kishale. Kikiwa cha polepole, mkono unasafiri mezani kutwa.

Kidole cha shahada kinauma au kinakwama

Kidole kinachokwama kikikunjwa kisha kinafunguka kwa mshtuko kipeleke kwa mtaalamu. Kinachouma tu, lakini hakikwami, angalia gurudumu. Kurasa ndefu husogezwa kwa mamia ya miguso midogo, kazi ambayo kitufe cha Page Down au mwambaa wa nafasi hufanya kwa mguso mmoja. Vipanya vyenye gurudumu linaloachiwa lizunguke lenyewe vinasaidia sana wasomaji wa nyaraka ndefu.

Wakati mwingine kipanya ni kibovu

Sehemu hii huachwa kwenye miongozo mingi, na inaniumiza kuona watu wakitibiwa mikono huku kifaa kikiwa ndicho mgonjwa. Kitufe kilichochakaa kikianza kuruka mibofyo, mtu hubofya kwa nguvu zaidi bila kujua. Kishale kinachorukaruka humfanya ashike kipanya kwa kukaza ili akitawale. Safisha kijicho cha chini kwa kitambaa kikavu. Weka zulia la kipanya kama meza ni ya kioo au inang'aa. Badilisha betri za kipanya kisichotumia waya. Tazama vile vipande laini vya kutelezea chini yake: vikiisha, kipanya kinakwaruza na mkono unalipia. Waya ulionaswa nyuma ya skrini nao huvuta mkono kila unaposogea.

Sasa ukubwa

Ukishajua umbo linalofaa dalili yako, pima mkono. Nyoosha kiganja, pima kutoka kwenye mstari wa kifundo mpaka ncha ya kidole cha kati. Kwa makadirio, chini ya sentimita 17 ni mkono mdogo, 17 hadi 19 ni wa kati, zaidi ya hapo ni mkubwa. Linganisha na maelezo ya mtengenezaji, kwa sababu umbo lilelile huweza kutolewa kwa ukubwa tofauti: Lift, kwa mfano, ilitengenezwa kwa mikono midogo na ya kati, na ipo pia ya mkono wa kushoto.

Kipanya kidogo mno hushikwa kwa ncha za vidole, na vidole vinakaza. Kikubwa mno hukufanya unyooshe vidole kufikia vitufe, na unarudi kwenye maumivu ya kiwiko. Dalili nzuri ni hii: ukilegeza mkono kabisa juu yake, vidole vinaangukia kwenye vitufe vyenyewe, na kidole gumba hakina haja ya kubana ili kipanya kisitoroke.

Watumiaji wa mkono wa kushoto wasikubali kipanya kilichochongwa kwa mkono wa kulia eti watazoea. Kama hakipo cha kushoto, chenye umbo sawa pande zote kinafaa kuliko hicho.

Kipya nacho kinauma

Siku za kwanza misuli ambayo haikuwa na kazi inapewa kazi, na uchovu kidogo ni wa kawaida. Tumia kipya saa moja hivi kwa siku, urudi kwenye cha zamani, uongeze taratibu. Usikitupe cha zamani hata ukikizoea kipya: kubadilishana vipanya viwili vya maumbo tofauti kunagawa mzigo kuliko kipanya kimoja kizuri kinachotumika kutwa nzima. Na mkono utoke kwenye kipanya kila unaposoma bila kubofya, ulale pajani.

Uchovu upungue ndani ya wiki mbili. Ganzi mpya, au maumivu mapya yenye mahali pamoja maalumu, hayasubiriwi wiki mbili: acha kukitumia siku hiyohiyo, urudi juu utafute sehemu inayohusu dalili hiyo mpya.

Kama umerekebisha meza, mshiko na kipanya lakini baada ya wiki kadhaa hakuna tofauti, mwone mtaalamu wa fiziotherapia. Chukua ile video. Chukua picha ya meza yako ukiwa umekaa, iliyopigwa kutoka pembeni, na andika saa ambazo maumivu huanza na kazi uliyokuwa ukifanya. Kipanya chenyewe kibebe pia, ili akuone ukikishika badala ya kukusikiliza ukikieleza.